Nimepona, Alisema Mama

Midomo ya mama ilikuwa myeupe kama ya mtoto aliyelamba chaki. Alikuwa amesimama katikati ya shamba lake la mwani, maji ya kupwa yakimfika chini kidogo ya magoti, na kamba alizokwisha kuzifunga hazikufika nusu ya zile alizotoka nazo nyumbani. Kabla hajageuka nilimwona akifungua pindo la kanga, akitoa kitu na kukitia mdomoni, akikitafuna haraka haraka kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani. Akatoa kingine. Kisha kamba ikamponyoka, akageuka kuifuata, akaniona.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Wageni si mpaka jua lipande?”

“Unatafuna nini?”

“Pipi.”

Mama yangu hakuwa mtu wa pipi. Nilimsogelea, viatu vikijaa maji na mchanga, nikalishika lile pindo kabla hajalificha. Lilikuwa zito. Ndani mlikuwa na vidonge vyeupe vya kutuliza asidi, vile vikubwa vya kutafuna vinavyouzwa hata kwenye maduka ya sukari na sabuni. Vilikuwa vimelowa na kuanza kushikana. Haikuwa akiba ya mtu anayeumwa mara moja moja. Ilikuwa akiba ya mtu anayetafuna kutwa.

Na huyu ndiye aliyekuwa asimame mbele ya wageni kutoka Dar es Salaam, asubuhi ileile, awaambie kwamba dawa niliyomtengenezea imemponya tumbo.

*

Tumbo la mama nililijua kabla sijajua kusoma. Lilikaa na sisi pale Ndagoni, kisiwani Mafia, kama mpangaji mkorofi, asiyejulikana ataanza saa ngapi. Likimwanza, mama huinuka kwenye chakula, hubana ngumi kwenye chembe cha moyo na kuanza kuizunguka nyumba. Mimi mdogo nilimfuata nyuma nikidhani ni mchezo. Tulizunguka hivyo, yeye akihema, mimi nikiruka ruka, mpaka kile kinachomchoma kipoe au achoke. Labda ndiko nilikojifunza kutotulia. Hata leo chai naimaliza nimesimama.

Dawa hazikukosekana. Palikuwa na maziwa yaliyotiwa manjano, palikuwa na maji ya shubiri ambayo uchungu wake ulimfanya mama afumbe macho, palikuwa na habasoda kwa asali, palikuwa na mizizi ya susu, mitamu, ambayo aliitafuna hata akiwa shambani. Kila moja ilimsaidia. Hilo naliapia, nililiona kwa macho yangu: uso ulilegea, ngumi ikafunguka. Lakini nafuu yenyewe ilidumu kiasi cha kuosha vyombo tu, kisha moto ukarudi.

Nilikwenda kusomea ufamasia Dar es Salaam nikiwa na picha ya ile ngumi kichwani. Mwaka wa mwisho mhadhiri mmoja alituambia jambo ambalo wenzangu waliliandika tu na kuendelea. Alisema mimea mingi ya kwetu, ukiidondosha maabara juu ya nyama iliyovimba, inatuliza kweli. Kasheshe ni tumboni. Tumbo halitulii, linasukuma mchana na usiku. Ulichokunywa kinapita, kinachanganyika na chakula, na ule ukuta uliovimba, unaohitaji dawa, unaguswa kidogo tu na kuachwa.

“Msiulize dawa gani peke yake,” alisema. “Ulizeni itafikaje. Na ikishafika, itakaaje.”

Nilitoka darasani kabla hajamaliza. Nilitembea mpaka jua likanichoma utosi, kwa sababu nilikuwa nimeukumbuka mwani. Mama alikuwa akiupanda, akiukausha na kuujaza magunia, wanunuzi wanaupakia, na huko ng'ambo wanauchemsha ili kutoa ute wake. Ute huo unaganda. Unaweza kuugandisha ukawa punje ndogo kama mtama, na ndani ya kila punje ukafungia manjano na susu. Punje ikishuka tumboni ijibandike ukutani, itoe dawa taratibu, kidogo kidogo, muda ambao chai ya manjano ingekuwa imeshapita zamani.

Niliajiriwa kwenye duka la dawa mjini, sikukaa. Nikaacha, nikarudi Mafia.

Aliyenipokea ni Bi Masooma, mwenye duka la viungo pale Kilindoni, duka alilolishika tangu alipofiwa na mumewe. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na nyuma ya duka alikuwa na chumba kilichowahi kuwa ghala la karafuu. Nilipomweleza ninachotaka alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu.

“Kitanuka?”

“Kitanuka, Bi Masooma.”

“Basi mlango wa ndani uwe umefungwa. Sajjad asije akasema wateja wanakimbia.” Sajjad alikuwa mwanawe.

Kilinuka. Mwani unaochemka pamoja na manjano una harufu ya ufuo na ya pilau kwa mpigo. Nilichemsha, nikachuja kwa kitambaa, nikachanganya, nikavuta mchanganyiko kwa bomba la sindano na kuudondosha, tone moja moja, kwenye bakuli la maji yenye chumvi ya kalisi, chumvi inayoufanya ute ugande. Punje za kwanza zilisambaratika. Za pili zilikuwa ngumu hata moja ilipoanguka sakafuni iliruka kama mpira, na Bi Masooma akaifukuza hadi chini ya meza huku akicheka. Nilikuwa naziweka kwenye maji ya limau ya uvuguvugu, kwa sababu tumbo ni chachu vilevile, na kuizunguka meza nikisubiri kuona zitachukua muda gani kuyeyuka. Baadaye nilianza kununua tumbo la mbuzi buchani. Nalisafisha, nalitandaza kwenye sinia, nazipanga punje juu yake, halafu namwaga maji kwa jagi kuona kama zitashika. Ziliteleza. Kila siku ziliteleza. Nilibadilisha vipimo, nikaongeza ute wa shubiri, nikapunguza, nikaongeza tena.

Siku punje ziliposhika, sikuamini. Nilimwaga jagi zima, nikajaza jingine. Bi Masooma aliinama, miwani ikining'inia, akaigusa punje moja kwa ncha ya kijiko.

“Zimegoma kuondoka!” akasema, akanipiga mgongoni kwa mkono uliojaa bizari.

Nilizipeleka Dar es Salaam zikapimwa usafi. Majibu yaliporudi mazuri, mtu wa kwanza kunywa alikuwa mama. Kipimo cha hospitali alikuwa amekikataa siku nyingi. Kupitishiwa mpira wenye kamera kooni, alisema, ni kudhalilishwa, na kwanza kipimo chenyewe kiko ng'ambo ya maji. Lakini punje zangu alizipokea kwa mikono miwili. Aliziita mayai ya samaki.

Kila Ijumaa nilipokwenda Ndagoni nilimuuliza, “Vipi tumbo, mama?”

“Nimepona, mwanangu. Sijui hata kama ninalo.”

Na alinithibitishia. Alikula samaki wa pilipili mbele yangu. Alikunywa kahawa chungu. Aliacha kuizunguka nyumba, walau nikiwapo. Wenzake wa kikundi cha mwani walipoona hivyo nao wakataka, nami nikawapa, na kila niliyemuuliza alijibu alhamdulillahi, tunaendelea vizuri. Habari zikavuka maji. Ofisi moja ya utafiti wa dawa za asili ikasema watakuja kutazama, na wakiridhika watazichukua punje zangu zijaribiwe kwa wagonjwa hospitalini, kwa utaratibu unaotakiwa. Mama ndiye angekuwa shahidi. Alishonewa gauni jipya kwa ajili ya siku hiyo.

*

“Nitazame,” nilimwambia pale majini.

Nikamshika kidevu, nikavuta ngozi ya chini ya jicho lake. Mahali palipotakiwa kuwa pekundu palikuwa peupe kama ndani ya kombe. Nikatazama kucha zake. Nikatazama miguu, ile miguu iliyovimba ambayo kila mtu nyumbani alisema ni chumvi ya bahari.

“Choo chako kikoje?”

“Husna, una adabu kweli?”

“Mimi ni mfamasia, mama. Kikoje?”

Alitazama kule mwanzo wa shamba, ambako Bi Sheikha, jirani yetu na mwenyekiti wa kikundi, alikuwa ameinama akifunga kamba zake. Alisema kwa sauti ndogo sana, “Cheusi.”

“Cheusi vipi?”

“Kama lami.”

Choo cha namna hiyo ni damu. Damu inavuja tumboni, inapikwa na asidi, inatoka nyeusi. Nikamwambia tunakwenda hospitali sasa hivi. Hapo mama yangu, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akigombana hata na muuza nazi, aliunyofoa mkono wake kutoka kwangu kwa nguvu ambayo sikuijua.

“Wacha wageni wapite kwanza.”

“Mama, unavuja damu.”

“Nimevuja jana, nimevuja juzi. Nitavuja mpaka mchana. Wao wakishaondoka nipeleke unakotaka, hata huko kwenye mipira yenu.”

“Kwa nini hukuniambia?”

Mawimbi madogo yalikuwa yameanza kurudi, yakizitikisa kamba. Aliposema hakunitazama.

“Ulikuwa ukiniuliza, unanikodolea macho kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Ningekwambia nini? Umeacha kazi mjini. Watu hapa wanasema nimesomesha mtoto aje achemshe mwani. Nikajisemea, nitasema nimepona, na pengine kwa kusema nitapona kweli.”

Nilivua viatu vilivyojaa maji, nikavishika mkononi, nikamshika mama kwa mkono mwingine na kumvuta kuelekea pwani. Alinifuata huku akinilaumu njia nzima. Bi Sheikha alituita, hatukumjibu.

Kitwana wa bodaboda alitupakia mshikaki, mama katikati. Nilikuwa nimemkumbatia kwa nyuma, nahisi mbavu zake kwenye mikono yangu, na nilipata fikra ya kijinga kwamba kama nitamshika kwa nguvu za kutosha damu haitatoka. Hatujafika mbali tukakutana na gari la wageni. Lilikuwa jeupe, refu, linakwepa mashimo pole pole. Nilimwambia Kitwana asimame.

Mkubwa wa msafara aliitwa Dakta Mansuri. Alishusha kioo akatabasamu. Nilikuwa pekupeku, gauni limelowa mpaka kiunoni.

“Mgonjwa wangu wa kwanza hajapona,” nilimwambia. Hayo ndiyo maneno yaliyotoka, hata salamu nilisahau. “Huyu hapa. Anavuja damu tumboni. Sina cha kuwaonyesha.”

Nimtendee haki, hakuuliza swali. Alishuka mwenyewe, akamwachia mama kiti chake cha mbele, na gari likageuzwa kuelekea Kilindoni. Mimi nilikaa nyuma katikati ya vijana wawili wenye mikoba ya kompyuta, magoti yangu hayatulii, nikimtazama mama kisogoni.

Gari likiwa linakwenda mama alijikohoza, akaweka ushungi wake sawa, akamgeukia Dakta Mansuri aliyejibana nyuma pamoja nasi.

“Mheshimiwa,” alisema, “dawa ya mwanangu ni nzuri sana. Mimi nilikuwa mgonjwa wa miaka na miaka, lakini tangu nianze kunywa yale mayai ya samaki—”

Hakumaliza. Alishika mdomo, akainamia dirisha, akatapika. Matapishi yalikuwa meusi, yana chenga chenga kama kahawa iliyobaki chini ya buli. Dereva aliongeza mwendo, mashimo hakuyakwepa tena.

*

Kilindoni walimtundikia maji, wakamwekea damu, wakasema avushwe Dar es Salaam siku hiyohiyo. Nafasi kwenye ndege ndogo alizipata Bi Masooma, sijui alimpigia nani. Alikuja uwanjani na kikapu cha mikate ya kumimina ambayo mama asingeweza kula, akasimama kwenye uzio akitupungia, miwani mkononi.

Daktari aliyempokea mama mjini aliitwa Faraja, mwanamke wa rika langu, mwenye haraka, asiyependa maneno mengi. Kipimo cha kamera alikifanya mama alipotulia kidogo. Mimi nilibaki koridoni. Nililihesabu kila jani la maua yaliyochorwa ukutani, nikaenda mpaka mlangoni, nikarudi. Daktari Faraja alipotoka alionekana amekasirika.

“Wewe ndiye mfamasia? Njoo.”

Alinikalisha mbele ya kioo cha kompyuta, nikainuka tena, akaniacha nisimame. Picha ilianza. Sikuwahi kuona tumbo la mama kwa ndani, na nadhani si vyema mtu kuliona. Lilikuwa jekundu, limevimba, limechubuka kama goti la mtoto aliyeanguka. Kwa chini palikuwa na kidonda, na kando yake bonge la damu iliyoganda. Alinieleza kwamba wamekiziba. Walikuwa wamechukua kinyama cha kupima, na hakuwa na shaka kwamba wangekuta bakteria, wale wanaokaa tumboni mwa mtu miaka mingi wakiula ukuta.

“Hao hawaondoki kwa manjano,” alisema. “Wanataka antibayotiki na dawa ya kuzuia asidi, zote kwa pamoja. Manjano yako yanaweza kutuliza moto. Anayewasha moto yuko palepale.” Halafu akasimamisha picha. “Sasa niambie hiki ni nini.”

Karibu na kidonda, pembeni kidogo, palikuwa na kitu kidogo cha manjano, duara, kimekaa ukutani.

“Nilikipigia maji,” alisema Daktari Faraja. “Tazama.” Akaendesha picha. Maji yalitoka kwenye mpira kwa nguvu, yakasukuma damu, yakasukuma ute. Ile punje ilitikisika. Haikuondoka. Akapiga tena. Haikuondoka.

“Aliambiwa asitie kitu mdomoni,” aliendelea. “Amemeza hii wodini, kwa siri, alikuwa ameifunga kwenye ncha nyingine ya kanga. Nilipomuuliza sababu, amesema alitaka tuione.”

Kitu nilichokitafuta kwa matumbo ya mbuzi kilikuwa mbele yangu, kimeshika, kwenye tumbo la mtu hai, la mama yangu. Na mama yangu alikuwa amelala chumba cha pili, damu ya watu asiowajua ikimwingia mshipani. Sikujua nicheke au nilie. Nilitaka kutoka nje nikimbie mpaka baharini.

“Kimeshika vizuri,” alisema Daktari Faraja, na kwa mara ya kwanza sauti yake ililainika. “Hilo siwezi kukukatalia. Ndani yake kuna nini tena?”

“Shubiri. Na susu.”

“Susu kiasi gani?”

Nilimwambia. Akatikisa kichwa, akanionyesha vipimo vya mama vya presha na vya madini ya damu. Susu ukiitumia nyingi kwa muda mrefu inazuia chumvi isitoke mwilini, inapandisha presha, inavimbisha miguu. Nilikuwa nimelisoma hilo chuoni. Mama alitafuna mizizi yake shambani kama kawaida, na juu ya mizizi akawa anameza punje zangu, ambazo zilifanya kazi yake barabara, zikikaa na kuitoa susu taratibu, bila kupoteza hata tone.

Nilipoingia wodini mama alikuwa macho.

“Wameiona?” aliniuliza.

“Wameiona, mama.”

“Imeshika?”

“Imeshika.”

Akafumba macho. Alikuwa na uso wa mtu aliyefikisha mzigo. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza, maneno yote nilikuwa nayo, lakini nilimfunika miguu tu, ile miguu yake iliyojaa, nikatoka koridoni kutembea.

*

Tulirudi Mafia mama akiwa na mfuko wa vidonge vya hospitali na amri ya kuvimaliza vyote. Alivimaliza. Nilimsimamia kila kidonge. Bakteria waliondoka, kidonda kikafunga, na rangi ikamrudia kwenye viganja kwanza, kisha usoni. Miguu ilipungua hata viatu vikawa vinamvuka.

Punje nilikuwa nimezisimamisha siku ileile ya kwanza kwa simu, nikiwa bado uwanja wa ndege. Lakini kusimamisha hakukunitosha. Sikuwa najua tena ni nani kati ya wale wanawake alikuwa amepona na ni nani alikuwa amenionea haya. Kwa hiyo tuliporudi niliwaomba wakusanyike uani kwa Bi Sheikha. Walikuja wote, wakakaa kwenye majamvi, miguu wameinyoosha, wakamkumbatia mama mmoja baada ya mwingine. Nikawaambia nataka kila mtu anieleze ukweli kuhusu tumbo lake.

“Alhamdulillahi,” walisema. “Hatujambo. Dawa nzuri.”

Niliuliza tena. Nzuri. Nikauliza kwa namna nyingine. Nzuri sana, Mungu akuzidishie. Nilikuwa nimesimama mbele yao, natembea huku na huku kama mwalimu wa zamu, na kadiri nilivyosisitiza ndivyo walivyozidi kunitazama kwa huruma. Nilitamani kupiga kelele.

Mama ndiye aliyesema. Alikuwa ameegemea ukuta, kitambaa cha kichwa kimemlegea.

“Jamani, semeni. Mie nilisema nimepona nikaishia kutiwa damu. Mkimpenda mwanangu, mkosoeni.”

Kuku alipita katikati ya jamvi, hakuna aliyemfukuza. Kisha Bi Sheikha akavuta pumzi.

“Zinanuka,” alisema.

Mtu akaguna. Mwingine akaficha mdomo kwa kanga.

“Zinanuka,” alirudia Bi Sheikha, sasa kwa sauti. “Nikicheua narudishiwa ufuo mzima. Na mimi zilinisaidia mchana, sisemi uongo, lakini alfajiri moto ni uleule, na tena zaidi.”

“Mie zilinifunga choo,” alisema mwanamke wa nyuma.

“Mie nilizinywa mara ya kwanza tu. Zilizobaki nimewapa kuku.”

Hapo kicheko kililipuka, na baada ya kicheko hakuna kilichowazuia. Walisema wote kwa wakati mmoja. Mmoja alikuwa anaumwa tangu ujauzito wa mwisho. Mmoja alikuwa akimeza dawa za maumivu ya mgongo kila siku, mgongo wa kuinamia mwani, na hakuwa amejua kwamba hizo nazo huchubua tumbo. Mmoja alikuwa amepona kweli, kabisa, na aliona haya kusema hivyo sasa kwa kuwa wenzake wote wanalalamika, ikabidi tumbembeleze. Wawili walikiri choo cheusi, na wiki ileile nilikwenda nao Kilindoni. Nilikuwa nageuka huku na kule, sijui nimsikilize nani, masikio yananiwaka. Bi Sheikha alinivuta gauni akaniambia nimpishe, namkinga upepo.

Kutoka siku ile nilianza upya. Susu niliitoa kabisa. Punje nilizifanya ndogo zaidi, nikaziviringisha kwenye unga wa tangawizi ili zisinuke, na sikumpa mtu yeyote ambaye hajapimwa kwanza na kumaliza dawa za hospitali akiambiwa anao bakteria hao. Wengine zinawasaidia baada ya hapo, ule ukuta uliochubuka unapotafuta kupona, wengine hawaoni tofauti. Dakta Mansuri nilimpelekea kila kitu, yaliyofaulu na yaliyoshindwa, pamoja na picha aliyonipa Daktari Faraja. Alinijibu kwamba wanaendelea kutafakari. Wanatafakari mpaka leo. Siku nyingine hilo linaniudhi hata nashindwa kukaa ndani, naliacha jiko kwa Bi Masooma natoka kwenda kutembea mpaka gatini na kurudi.

Juzi nilikuwa nachuja mwani, mikono yote imejaa ute, simu ikaita. Bi Masooma aliniwekea sikioni.

“Husna,” alisema mama, kabla hata sijamwamkia. “Leo tumbo limeniuma.”

“Wapi, mama? Vipi? Kwenye chembe? Umekula nini? Choo—”

“Ngoja kwanza,” alisema. “Limeanza nilipotoka kuswali. Si kama zamani, ni kwa pembeni, linavuta. Jana nilikula maembe mabichi, najua utagomba. Na zile punje zako mpya sizipendi, zinanikwama kooni. Na kuna jambo jingine. Nikikwambia usinikatize.”

Sikumkatiza.